Habari za Pembetatu Baina ya Diani na Vanga

Penye mlango wa mto Mwachema, huko Diani, chini ya mibuyu mikubwa, umesimama msikiti wa Kongo, ambao umri wake wapita karne tano na ambao hata leo wangali wauswalia watu. Mgeni aingiapo humo hutazama kuba na kuta za matumbawe na chokaa, akastaajabia uhodari wa waashi wa zamani. Lakini mtu aliyesoma elimu ya handasa, hata ikiwa ni ile kidogo ifundishwayo skuli, hana budi kuitazama zaidi mihirabu, na kujiuliza ni kwa hesabu gani watu wale, wasiokuwa na dira za chuma cha kisasa wala ramani zilizopigwa chapa, walijua kuuelekeza ukuta wao huo mahali panapostahili.

Swali hili la kibla liliwashughulisha wanavyuoni wa Kiislamu kuliko maswali mengi ya hisabati. Atakaye kuijua kibla kwa hesabu sharti aifikirie dunia kuwa ni tufe, na juu ya tufe hiyo apige pembetatu ambayo ncha yake moja ni mahali aliposimama yeye, ya pili ni Makka, na ya tatu ni ncha ya kaskazini ya dunia. Kisha aitafute pembe iliyo miguuni pake, ambayo ndiyo itakayomwambia ageuke kiasi gani. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyekuwa Baghdad katika karne ya 10, aliinyosha mno elimu ya pembetatu za namna hiyo, na al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, alisafiri kwa hesabu kutoka mji hata mji, akizipima pande na pembe zake, ili hatimaye aweze kuwaambia watu wa Ghazna waelekee wapi wanaposwali. Kazi hiyo ilikuwa nzito, na makosa madogo ya mwanzo yaliweza kuzaa makosa makubwa ya mwisho.

Pwani yetu ilijaaliwa wepesi wa ajabu. Makka ipo karibu sana na longitudo ya 39 na dakika 49 mashariki, na Diani ipo takriban 39 na dakika 34. Tofauti yao ni kiasi cha robo ya daraja tu. Basi ile pembetatu iliyomtoa jasho al-Biruni, ikichorwa kutoka Diani, huwa nyembamba hata yakaribia kuwa mstari mmoja, na mtu aelekeaye kaskazini halisi, pasina hesabu yoyote, amekosea kibla kwa kiasi cha nusu ya daraja tu, ijapokuwa kati yake na Al-Kaaba pana mwendo wa kilomita 2,860 hivi. Mwarabu wa Maskati, aliyezoea kuelekea magharibi, alipohamia huku alipaswa kugeuka. Mwenyeji hakuwa na la kufanya ila kuitafuta kaskazini. Hapo nako palikuwa na mtihani wake, kwa sababu nyota ya Jaa, iliyo mwongozo wa watu wa kaskazini, kwetu imezama chini ya upeo wa bahari, wala haionekani. Kwa hivyo aitakaye kaskazini ilimlazimu ama azitazame nyota ziizungukazo ncha hiyo, kama Farkadani na Banati Naashi, zinapopanda juu kabisa, ama akitazame kivuli cha kijiti mchana. Alilolihitaji mjenzi ni pembe peke yake. Umbali wa Makka haukumhusu, maana ukuta wa msikiti hauendi popote.

Nahodha ndiye aliyehusika na umbali. Chombo chake cha kupimia nyota, kiitwacho kamal, kilikuwa kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo; nahodha aliuuma uzi kwenye fundo, akakinyosha kibao mbele ya jicho hata ukingo wa chini ugusane na upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota, na kwa fundo lile akajua nyota iko juu vidole vingapi, na bandari iko kaskazini au kusini kiasi gani. Ukitazama kwa jicho la handasa, hiyo ni pembetatu iliyoshikwa mkononi: upande mmoja ni kibao, nao haubadiliki, na upande wa pili ni uzi, ambao kila fundo lauongeza au kuupunguza, na pembe iliyo jichoni hufuata. Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa elimu ya bahari wa karne ya 15, aliyataja vipimo vya namna hii katika maandishi yake, na mmoja wa tenzi zake za uabiri wahusu pwani hii yetu hadi Sofala. Kwa elimu hiyo vyombo vilivyobeba boriti na nafaka vilipita nje ya miamba ya Diani, Chale na Wasini kwa karne nyingi, wala hapana mtu aliyefikiri kuandika katika karatasi umbali wa pwani yenyewe kutoka rasi hata rasi.

Aliyekuja kuuandika alikuwa Kapteni William Owen wa manowari za Kiingereza, ambaye kwa manowari Leven na Barracouta aliipima pwani ya Afrika katika miaka ya 1820, huku homa ikiwamaliza mabaharia wake kwa wingi wa kutisha. Huyu ndiye aliyewapokea Mazrui wa Mombasa chini ya bendera ya Uingereza mwaka 1824, pasipo idhini ya serikali yake, na kumwacha Luteni Reitz awe mkuu wa mji. Reitz akafa kwa homa mwaka huo huo, na himaya yenyewe ikafutwa mwaka 1826. Siasa yake haikudumu, lakini ramani zake zilidumu, na ziliwafaa wengi waliokuja nyuma yake.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze namna ya kazi hiyo, maana mambo yote yafuatayo yaitegemea. Mpimaji hawezi kuburuta mnyororo juu ya maji, wala kupita mikokoni, wala kupanda vilima vya Shimba kwa mstari ulionyoka. Basi hutafuta ufuo au uwanda mmoja ulio sawa, akaupima upande mmoja tu kwa mkono, kwa uangalifu wote. Kisha husimama kwenye ncha zake mbili, moja baada ya nyingine, akakilenga kilima kilicho mbali, na kuziandika pembe mbili alizoziona. Upande mmoja na pembe mbili zikijulikana, pembetatu imefungwa: pande mbili zilizobaki hazina hiari tena, na huhesabiwa mezani pasipo mtu kuzikanyaga. Kila upande uliohesabiwa huwa ni msingi wa pembetatu nyingine, na hiyo ya nyingine, hata nchi nzima imefunikwa, kama mvuvi asukavyo jarife tundu kwa tundu. Willebrord Snellius wa Uholanzi aliianza kazi hiyo mwaka 1615 katika nchi yake tambarare. Wapimaji wa bahari walipokosa hata ufuo wa kupimia, walikuwa wakipiga mzinga katika jahazi moja na kuhesabu sekunde katika jahazi la pili baina ya kuonekana kwa moto na kusikika kwa mlio, wakapata upande wao kwa mwendo wa sauti. Njia yoyote itumikayo, sharti ni moja: lazima pawe na upande mmoja uliopimwa kwelikweli. Pembe peke yake huonyesha sura ya pembetatu, wala hazionyeshi ukubwa wake.

Sharti hilo ndilo lililosahauliwa, au tuseme lilidharauliwa, mwishoni mwa mwaka 1886, wakati Uingereza na Ujerumani zilipobadilishana barua na kugawana nchi isiyokuwa yao. Sayyid Barghash wa Unguja aliachiwa ukanda wa maili 10 za bahari kutoka ufukoni, kana kwamba ufuko wenye ghuba na rasi na visiwa waweza kufuatwa na mstari ulio sambamba nao. Na nyuma ya ukanda huo mataifa mawili yale yalipiga mpaka uliotoka mdomo wa mto Wanga, au Umba, ukaenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, ukaupinda mlima Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyoka hadi mahali daraja ya kwanza ya kusini inapoukata ukingo wa mashariki wa ziwa Viktoria. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ukakariri habari hiyo, ukisema kwamba mwanzo wa mpaka ni ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Umba.

Ni rahisi mtu kuliweka rula juu ya karatasi. Lakini mstari una ncha mbili, na katika mstari huu ncha ya kwanza ilikuwa ni mdomo wa mto uliojificha katika mikoko, ambao jina lake lenyewe liliandikwa kwa shaka, na ncha ya pili ilikuwa ni ziwa lililo umbali wa takriban kilomita 200, katika nyika ambayo mtu akiwa Vanga haoni hata dalili yake. Kosa la daraja moja katika pembe ya kuondokea pwani lingempeleka mtu kilomita 3 na nusu nje ya njia afikapo Jipe; na kilomita 3 na nusu ni vijiji, visima na makaburi ya wazee. Wadigo, Wavumba na Wasegeju waliokaa huku na huku ya Umba, wakioana na kuzikana, hawakuulizwa chochote katika barua zile.

Mwaka 1892 ndipo walipotumwa watu kuutafuta mstari huo juu ya ardhi. Upande wa Waingereza alikuwa balozi mdogo C. S. Smith, na upande wa Wajerumani alikuwa Dokta Carl Peters, yule yule ambaye wenyeji walimpa jina la mkono wa damu, na ambaye baadaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazini kwa ukatili alioutenda Kilimanjaro. Yaonekana kuwa ni kinyume cha tabia kwamba mtu wa namna hiyo atumwe kufanya kazi ihitajiyo subira na vipimo vya dakika na sekunde; lakini ndivyo ilivyokuwa, na mapatano ya Julai 1893 yalitokana na safari hiyo. Humo mpaka haukuanza tena katika mdomo wa Umba, bali katika alama ya maji makuu pale Ras Jimbo, ukanyoka hadi mahali ambapo sambamba ya daraja 4, dakika 40 na sekunde 20 kusini ya ikweta hukata ukingo wa mashariki wa kijito cha Ngobwe Ndogo, ndipo ukaanza safari yake ya bara. Vanga ikabaki kwa Waingereza, Jasin ikawa ya Wajerumani, na mto Umba, uliotajwa mara mbili katika mikataba kuwa ndio mwanzo wa mpaka, ukawa washuka kutoka Usambara na kuingia baharini katika ardhi ya Waingereza, ambayo leo ni ya Kenya. Sekunde moja ya latitudo ni mita 31 hivi. Kwa mara ya kwanza pwani ya Kwale ilipata kipimo cha mizani hiyo, na kililetwa na watu waliotaka kujua wapi kodi ya nani yaishia.

Haikupita miaka mitatu kabla ya mstari huo kupata kazi ambayo wenye kuuchora hawakuikusudia. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, liwali wa Gazi kwa nguvu zake mwenyewe, ambaye alikuwa akigombana na masultani wa Unguja kwa muda mrefu, aliingia vitani na Waingereza mwaka 1895. Wakaivunja ngome yake ya Mwele, katika vilima vya nyuma ya pwani, mwezi wa Agosti, lakini yeye mwenyewe hawakumpata. Alipigana akirudi nyuma hata Aprili 1896, kisha akavuka mpaka pamoja na watu wake wengi, akajisalimisha kwa gavana wa Kijerumani, Wissmann. Waingereza waliokuwa nyuma yake walilazimika kusimama. Mbele yao hapakuwa na ukuta, wala mto, wala handaki. Palikuwa na nyika ile ile na miti ile ile, na mstari uliowekwa kwa darubini na hesabu, ambao jeshi la dola kubwa halikuweza kuuvuka bila ya kuzua ugomvi huko Ulaya. Mbaruk akamaliza siku zake Dar es Salaam na viunga vyake. Mimi huona kwamba katika watu wote wa pwani hii yeye ndiye aliyeifahamu zaidi handasa ya mpaka ule, ijapokuwa sidhani kama aliwahi kuiona ramani yake.

Miaka 19 baadaye mstari huo huo ulimwagiwa damu. Januari 1915 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia askari wa Kihindi na wa Kiafrika waliokuwa wameishika Jasin kwa niaba ya Waingereza, akautwaa mji baada ya siku mbili za mapigano yaliyomgharimu maofisa wengi na risasi nyingi kuliko alivyoweza kumudu. Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na mpaka ukawa wa bendera moja pande zote mbili. Hata hivyo haukufutwa, na miaka ya uhuru, 1961 na 1963, ilipofika uliwakuta Watanganyika na Wakenya, ukawatenga kisheria ndugu wa mbari moja.

Elimu iliyoutengeneza mstari huo ilifika katika madarasa ya watoto wa Kwale kwa njia nyingine kabisa, nayo ilikuja imevuliwa nguo zake zote za kidunia. Kitabu cha jometri cha Hall na Stevens, kilichotolewa Uingereza mwaka 1903 na kutumika kwa miaka mingi katika makoloni yake, kilikuwa na pembetatu ABC na pembetatu DEF, zisizokaa nchi yoyote. Kuanzia mwaka 1962 wakaja wataalamu waliokutana Entebbe na kuandika hisabati mpya kwa ajili ya shule za Afrika, iliyojaa seti na migeuzo, ambayo Kenya iliipokea na mwisho ikaiaga mwaka 1981. Mitaala ikapanda na kushuka. Pembetatu ilibaki mahali pake, na mtoto wa Msambweni hujifunza leo alichojifunza babu yake: kwamba pembe tatu za ndani jumla yake ni daraja 180, kwamba upande mkubwa hukabili pembe kubwa, kwamba pande mbili zozote zikijumlishwa hazina budi kuuzidi wa tatu, na kwamba pembetatu mbili zaweza kuwa na pembe zilizo sawasawa ilhali moja yaingia katika daftari na nyingine yaifunika wilaya.

Hili la mwisho ndilo liwasumbualo wanafunzi wengi, nami nadhani huwasumbua kwa kuwa halifundishwi nje. Mwalimu mwerevu huwatoa wanafunzi uwanjani, akawaambia wapime urefu wa mnazi kwa kivuli chake: wasimike kijiti, wapime kivuli cha kijiti na kivuli cha mnazi, na pembetatu ndogo iwape habari ya ile kubwa. Somo hili ni zuri, lakini limeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua halimsimamii mtu utosini hata siku moja. Huku Msambweni, karibu na tarehe 9 Machi na tena karibu na tarehe 4 Oktoba, jua la adhuhuri husimama juu ya kichwa barabara, kivuli cha mnazi hujikusanya chini ya makuti yake mwenyewe, na darasa zima hukosa upande wa kupima. Afadhali mwalimu angoje alasiri. Fundi mwashi wa kijijini, kwa upande wake, haangoji jua: hupima futi 3 katika kamba moja ya msingi na futi 4 katika ya pili, kisha huzisogeza hata umbali baina ya alama hizo mbili uwe futi 5, na pembe mraba ya nyumba imepatikana bila ya mtu kulitaja jina la Pythagoras.

Njia ya fundi, ya kupata pembe kwa kuzijua pande tu, ndiyo iliyotumika wakati Kenya na Tanzania zilipoamua kuupeleka mpaka wao baharini. Kutoka Ras Jimbo kwenda mashariki hapana kilima cha kulenga, wala mahali pa kusimika nguzo. Wavuvi wa Vanga, Wasini na Shimoni wakawa wanavua pamoja na wale wa Tanga na Pemba pasipo kujua maji ni ya nani. Katika barua zilizobadilishwa tarehe 17 Desemba 1975 na tarehe 9 Julai 1976, serikali mbili hizo ziliitumia minara ya taa: mmoja wa Mpunguti ya Juu, kisiwa kilicho mbele ya Shimoni, na mmoja wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba. Mpaka ukaambiwa upite katikati ya minara hiyo, umbali sawa kutoka kila mmoja, hata ufike nukta ambapo tao mbili zakutana, kila moja ikiwa na nusu kipenyo cha maili 12 za bahari, moja kutoka Mpunguti na moja kutoka Kigomasha. Na kutoka nukta hiyo uelekee mashariki kwa kufuata sambamba ya latitudo. Mwaka 2009 nchi hizo zilikubaliana kuuendeleza mbali zaidi baharini. Kenya ilitaka sambamba kama hiyo na Somalia kwa upande wa kaskazini, lakini Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, katika hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021, haikuikubali, ikashika mstari wa umbali sawa na kuurekebisha.

Basi nje ya Shimoni kuna pembetatu pacha ya kweli, ambayo mwalimu yeyote wa Msambweni aweza kuiandika ubaoni kesho asubuhi pasipo kukopa mfano kwa watu. Pande zake mbili ni maili 12 na 12, na kitako chake, kutoka mnara hadi mnara, ni takriban maili 19. Aanze kwa kuwauliza kama tao hizo zingekutana lau Pemba ingalikuwa mbali ya maili 25, nao wataona kwamba zisingekutana, maana 12 na 12 ni 24, na mpaka ungalikosa nukta yake. Kisha awaache wazitafute pembe kwa pande. Wataikuta pembe ya huko baharini kuwa butu, kiasi cha daraja 105, na zile mbili za miguuni pa minara kuwa kali, kiasi cha 37 na nusu kila moja, jumla yake 180. Na akiwemo miongoni mwao mbishi atakayesema kwamba bahari ni ya mviringo, na kwamba pembetatu iliyolala juu yake haiwezi kuwa na 180 kamili, mwalimu amkubalie, amwambie kwamba kila kilomita 197 za mraba huongeza sekunde moja, na kwa kuwa pembetatu hii ina eneo la kilomita 240 hivi za mraba, basi ziada yake ni sekunde moja na kitu, ambayo hakuna kipimapembe cha skuli kitakachoiona.